Mchanga kati ya Mizeituni ya Sfax

Gari moshi likishaipita El Jem na uwanja wake wa Warumi, dirishani hubaki mizeituni tu. Mistari imenyooka hadi macho yanapokoma, na kati ya mti na mti ni mchanga mtupu, hatua kama 30. Nilidhani shamba limepandwa nusu likaachwa, mpaka niliposhuka nikatembea ndani yake.

Huku Sfax, mashariki mwa Tunisia, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200. Basi kila mti huachiwa mita 24 kila upande, miti 17 tu kwa hekta. Ule mchanga una wenyewe: mizizi imetambaa chini yake ikingoja manyunyu. Wakulima huupalilia bila kuchoka, maana gugu moja ni mdomo mwingine unaokunywa.

Ilikuwa Agosti, saa saba mchana. Nilichuma jani la chemlali, zeituni ya huku. Juu ni kijani kigumu chenye nta, chini ni rangi ya fedha. Nilipolikwaruza kwa ukucha, ile fedha ikatoka kama unga. Ni vinywele vyenye umbo la mwavuli, vimesongamana kufunika vitundu ambavyo jani hupumulia, na vitundu vyote viko huko chini, kivulini. Jua likikaza, mti huvifunga. Maji hayatoki, lakini hata hewa ya kutengenezea chakula haiingii. Mzeituni hufunga mchana kama mtu wa Ramadhani. Kazi yake kubwa huimaliza asubuhi.

Saumu hiyo ina gharama. Ua la zeituni hutoka kwenye kitawi kilichokua mwaka uliotangulia. Ukame ukikidumaza, mavuno ya mwakani yamekwenda. Linalonitia hofu zaidi ni joto la wakati wa baridi. Bila baridi ya kutosha, chipukizi haligeuki ua. Mti huu mzuri, uliokishinda kiangazi, unaweza kushindwa na Januari yenye vuguvugu.

Jioni mwenye shamba alinitolea pembe za mbuzi. Wachumaji wa zamani walizivaa vidoleni na kulichana tawi kama nywele, maana fimbo huvunja vitawi vya mwakani. Alinivisha tatu, akanifundisha kuchana hewani. Tawi lenyewe hakuniruhusu kuligusa. Zeituni zilikuwa bado kijani, ndogo kama dengu.