Mjakaranda au kibobakasi: upi upandwe nyumbani?

Iwapo unaishi Nairobi na hujawahi kuifuata Barabara ya State House kwa miguu Jumapili asubuhi mwezi wa Oktoba, umejinyima starehe isiyolipiwa hata senti moja. Anzia University Way, uyapite mabweni ya wanafunzi wa chuo kikuu, kisha uendelee polepole kuelekea bustani ya miti ya Arboretum. Wakati huo mijakaranda huwa imepukutisha karibu majani yote, na matawi yake matupu yamevishwa maua ya zambarau hadi nchani. Chini nako lami haionekani vizuri. Magari yakipita, maua huinuka kidogo, yakatua tena.

Wanafunzi wa sekondari wanaujua mti huu kwa sababu nyingine. Ukichanua, mtihani wa KCSE umebisha hodi, na wako wanaouchukia kwa hilo tu.

Watu wengi hudhani mjakaranda ni mti wetu wa asili. La hasha! Ni mgeni kutoka Amerika Kusini, hasa pande za Argentina na Bolivia, na ulienezwa katika miji ya Afrika enzi za ukoloni. Hata hiyo Arboretum unayoelekea ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribia miti ya kigeni iliyokua upesi, kwa kuwa garimoshi la siku hizo lilikuwa likila kuni kama moto wa nyika, na misitu yetu ya asili haikuweza kulishibisha.

Mti wa pili ninaotaka kukulinganishia hauna haja ya kupandishwa meli. Wenyewe ulikuwa hapa. Huo ni kibobakasi, ambao shuleni tulifundishwa kuuita Nandi Flame na ambao jirani zetu wa Tanzania huuita kifabakazi. Ukisafiri kwenda magharibi mwa nchi, ukazipita Nandi Hills na Kapsabet hadi Kakamega, utauona kando ya barabara, mipakani mwa mashamba na pembezoni mwa misitu, umebeba maua mekundu yenye rangi ya machungwa na ukingo mwembamba wa manjano. Ua moja hukijaza kiganja cha mtoto. Tena hausubiri Oktoba. Huchanua mara kwa mara mwaka mzima, leo tawi hili, mwezi ujao lile.

Mimi nimezaliwa karibu na Kapsabet, na nyuma ya jiko la mama yangu palikuwa na kibobakasi kimoja kikubwa. Vichipukizi vyake vya maua, kabla havijafunguka, hujaa maji. Tulikuwa tukivichuma, tunavitoboa nchani na kurushiana maji machoni hadi mmoja wetu alie na mama atoke na mwiko. Chini ya mti huohuo ndipo alipokuwa akiketi alasiri kuchambua mboga, na ndipo alipopokelea wageni wake kwa miaka zaidi ya arobaini.

Sasa nitakueleza kwa nini ninayaandika haya. Miaka sita iliyopita miguu ya mama ilianza kumsumbua, nasi tukaamua aje kuishi nasi Ngong ili awe karibu na daktari. Ploti yetu ni ile ya kawaida, futi hamsini kwa mia. Ukiondoa nyumba, tangi la maji, shimo la maji machafu na mahali pa kugeuzia gari, hubaki nafasi ya mti mmoja mkubwa. Mmoja tu. Mke wangu, ambaye amekulia Nairobi, alitaka mjakaranda. Mama hakutaka chochote, au ndivyo alivyosema. Aliuliza tu, wiki ya pili baada ya kufika, kama hapa kwetu watu huketi wapi jioni.

Basi nikaanza kuulizauliza. Nilisimama kwenye vitalu vya miche vya kando ya Ngong Road, nikasoma, nikapiga simu nyumbani. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba miti hii miwili ni ya ukoo mmoja, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Bignoniaceae. Ukiyatazama maua yake kwa makini utaona yote yana umbo la tarumbeta, na mbegu za miti yote miwili ni nyepesi, zenye mabawa membamba, zikisubiri upepo uzichukue. Ni ndugu waliotenganishwa na bahari.

Kwa ukuaji, kibobakasi kinamshinda nduguye mbali. Kikipata maji na udongo mzuri huweza kuchanua baada ya miaka mitatu au minne. Mjakaranda uliooteshwa kwa mbegu huweza kukungojesha miaka saba, au kumi na zaidi. Lakini mjakaranda ukishashika mizizi huvumilia kiangazi, ilhali kibobakasi hupenda mvua ya kwao magharibi, na mahali pakavu kitadumaa. Ikiwa makao yako ni Kitengela au Athi River, usijisumbue nacho.

Kisha kuna upepo. Mti wa kibobakasi ni laini na matawi yake hukatika kwa urahisi. Hili sikulisoma popote. Tawi la kile cha nyumbani liliangukia jiko la mama usiku mmoja wa mvua na kuyakunja mabati kama karatasi, na kwa bahati hakukuwa na mtu ndani. Sasa fikiria Ngong, mahali ambapo upepo ni mwingi kiasi cha kuzungusha mitambo ya umeme kule vilimani! Mke wangu aliposikia kisa cha jiko alitabasamu. Alidhani ameshinda.

Mjakaranda nao una vituko vyake. Kivuli chake ni kizuri, lakini majani yake madogo madogo huingia kwenye mifereji ya paa na kuiziba, na nyasi chini yake hazistawi vyema. Maua yakianguka kwenye saruji na kunyeshewa huteleza. Kwa kijana hilo si kitu. Kwa mama anayetembea na mkongojo ni hatari. Nisikudanganye lakini, ya kibobakasi ni manene zaidi na huteleza vilevile. Ukiwa na mzee au mtoto mdogo nyumbani, mti wowote kati ya hii miwili uwe mbali na njia ya kutokea mlangoni. Uwe mbali pia na mabomba na shimo la maji machafu, kwa sababu mizizi hufuata unyevu.

Upande wa ndege sina la kubishana. Chozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, huja kwenye kibobakasi tangu alfajiri kunyonya maji matamu ya maua. Mjakaranda hupendwa zaidi na nyuki.

Kuna jambo moja ambalo huenda likakustaajabisha kama lilivyonistaajabisha mimi. Mti wetu huu, tunaouona wa kawaida, umeorodheshwa miongoni mwa viumbe mia moja wavamizi wabaya zaidi duniani. Ulipelekwa Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki kama pambo, ukatoroka bustanini na kuingia msituni. Huko Brazil, mwaka wa 2019 jimbo la Santa Catarina lilipiga marufuku kuupanda, kwa sababu nyuki wa huko wasiouma hufia ndani ya maua yake. Mjakaranda nao umefanya vivyo hivyo Afrika Kusini. Mji wa Pretoria, ambao ulipokea miche yake ya kwanza mwaka wa 1888, husifiwa dunia nzima kwa mijakaranda yake, lakini sheria ya nchi hiyo imeuweka katika orodha ya mimea vamizi na mipya haipandwi ovyo. Na kule kwao Amerika Kusini, mjakaranda wa porini unahesabiwa miongoni mwa miti iliyo hatarini kwa sababu misitu yake imefyekwa ili kulimwa. Hapa kwetu kibobakasi kiko nyumbani, na hilo lilikuwa na uzito kwangu.

Hata hivyo, kilichokata shauri si hayo yote. Ilikuwa hesabu ndogo tu niliyoifanya usiku nikiwa peke yangu. Mama alikuwa na miaka sabini na minane. Minne naweza kumwombea. Kumi na zaidi niliogopa kuitamka.

Asubuhi nilimwambia mke wangu hesabu hiyo. Hakujibu kitu. Aliinuka, akachukua jembe, akaenda kupima mwenyewe hatua kutoka ukuta wa nyumba hadi pembe ya mwisho ya ploti, mahali ambapo tawi likianguka litaangukia nyasi.

Mche wenyewe tuliutoa nyumbani. Shina la mti wa zamani lilikatwa baada ya kisa cha jiko, lakini kibobakasi hakifi kwa kukatwa, na mizizi ilikuwa imetoa machipukizi. Kaka yangu alichimba moja, akalifunga kwenye gunia lenye udongo, na likasafiri kwenye buti la matatu hadi Nairobi. Miaka miwili ya kwanza tulilimwagilia kila jioni kwa maji ya kufulia. Tuliyapunguza matawi marefu kabla ya kila msimu wa mvua ili upepo usipate pa kushika, kazi ambayo nakushauri usiiache.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, kulipokuwa na ile baridi ya Ngong isiyo na huruma, binti yetu alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba akiwa amelowa uso. Alikuwa amekigundua kichipukizi cha kwanza na kukitoboa.

Tulimtoa mama nje tukamkalisha kwenye kiti, blanketi miguuni. Aliutazama mti kwa muda mrefu, maua manne mekundu juu kabisa, chozi mmoja akirukaruka.

"Ule wa nyumbani," akasema, "ulikuwa mkubwa zaidi."

Kisha akaagiza aletewe mboga azichambue.