Ndege Iliyorudi Luano



Miaka kadhaa iliyopita niliondoka Lubumbashi asubuhi kwenda Kalemie, kwenye semina ya walimu. Ndege ilijaa abiria, na chini yetu yalikuwamo magunia ya unga na masanduku ya vipuri. Dakika 20 hivi baada ya kuruka, rubani alitangaza kwamba tunarudi Luano. Mama mmoja alianza kulia. Mfanyabiashara aliyeketi kando yangu alinung'unika, maana wateja walikuwa wakimngojea. Mimi pia nilikasirika.

Tulipotua salama, rubani alitueleza sababu. Masanduku mazito yaliyopaswa kuwekwa mbele yalipakiwa nyuma, kinyume cha karatasi ya mizigo aliyoitia sahihi. Ninyi mmeona baiskeli za makala zikiingia mjini: mzigo ukizidi nyuma, gurudumu la mbele huinuka, na mwenye baiskeli hawezi tena kuiongoza. Ndege nayo ni vivyo hivyo. Pua yaweza kuinuka kupita kiasi, na mabawa yakashindwa kuibeba. Tarehe 7 Agosti 1997, huko Miami, Marekani, ndege ya mizigo iliyopakiwa vibaya ilianguka punde tu baada ya kuruka. Watu 5 walikufa, mmoja wao akiwa ardhini.

Nani aligundua kosa letu? Ni kijana mpakiaji mwenyewe. Alipokuwa akirudisha mikokoteni, alitambua kwamba alibadilisha mizigo ya mbele na ya nyuma. Angeweza kunyamaza, pengine tungefika. Lakini alikimbia kwa mkubwa wake, akasema: «Nimekosea.» Habari ikampata rubani kwa redio. Tulimkuta amesimama karibu na ngazi, akitetemeka, akingoja kufukuzwa. Rubani alishuka, akampa mkono mbele yetu sote.

Mimi niliinamisha kichwa. Juma moja kabla ya safari nilikuwa nimegundua kwamba nilinakili vibaya alama za mwanafunzi mmoja, naye akatangazwa kuwa ameshindwa. Orodha ilikuwa imekwisha kubandikwa ukutani. Nilijiambia: bado ni mdogo, atarudia mwaka. Kwa kweli niliogopa aibu mbele ya wenzangu.

Mizigo ilipangwa upya, tukafika Kalemie jioni. Semina ilipokwisha nilirudi, nikaenda kwanza kwa mkuu wa shule, kisha nyumbani kwa yule mtoto. Baba yake alinisikiliza bila kunikatiza, akaniuliza swali moja tu: «Mwalimu, ulijua tangu lini?»

Kosa la kalamu alinisamehe siku ileile. Siku zile za kunyamaza ndizo zilizomuuma.

Vijana wangu, kila mmoja wetu atapakia vibaya siku moja. Mkiyatambua makosa yenu, semeni upesi, ndege ikiwa bado karibu na kiwanja. Na mwenzenu akija kwenu kusema «nimekosea», mkumbukeni rubani yule: mpeni mkono.