Nguzo ya Delhi Isiyoliwa na Kutu

Kwetu Tanga hakuna anayeshangaa chuma kikiliwa. Geti jipya likipitiwa na masika mawili bila kupakwa rangi huanza kuchubuka, kwanza kwenye bawaba, kisha pale fundi alipochomelea. Mabati ya nyumba zilizo karibu na bahari huwa mekundu mapema kuliko ya ndugu zetu wa Korogwe. Kwa hiyo nilipopata kusoma kwamba Delhi ipo nguzo ya chuma iliyosimama nje, kwenye jua na mvua, kwa takriban miaka 1,600 bila kuliwa, nilisadiki nusu tu. Nafasi ya kwenda kuiona ilikuja Januari, nilipomsindikiza mjomba wangu kutibiwa India.

Sikuwa na mwenzi bora kwa safari hiyo. Ujana wake mjomba aliumaliza kwenye matishari ya bandari ya Tanga, akigonga kutu kwa nyundo na kupaka rangi.

Tulitua alfajiri, na jambo la kwanza kunishangaza lilikuwa baridi. India niliyoijua kwa filamu ilikuwa ya jua na maua. Hii ilikuwa na ukungu mzito hata taa za barabarani hazionekani vizuri, na wanaume wamejifunika mablanketi wakiota moto kando ya njia. Mjomba alitikisa kichwa, akajivuta ndani ya koti. Chai ya maziwa na tangawizi ndiyo iliyotufariji, maana ile tuliijua.

Kesho yake hospitali ilitueleza kwamba vipimo vingesubiri. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, nipeleke kwenye chuma chako." Tukapanda treni ya metro hadi kituo cha Qutub Minar, kisha bajaji ya kijani yenye paa la njano. Muungurumo wake ulikuwa uleule wa nyumbani, ila zile za Delhi hutumia gesi.

Mnara wenyewe, Qutb Minar, ulininyamazisha. Una urefu wa mita 73 hivi, wa mawe mekundu, umezungushiwa mikanda ya aya za Kurani zilizochongwa. Mjomba alisimama chini yake akisoma kwa sauti ndogo, na watalii wakimpita kushoto na kulia. Ningeweza kukaa pale hadi jioni, lakini ni yeye aliyenivuta mkono.

Nguzo imo katika ua wa msikiti wa Quwwat-ul-Islam, ambao leo ni magofu. Nilitarajia kitu kinachong'aa. Niliona nguzo ya rangi ya kahawia iliyokoza, nene kuliko mwili wa mtu mzima kwa chini, ndefu kwa mita 7 na ushei, yenye uzito unaopita tani 6. Imefuliwa kwa kuunganisha mabonge ya chuma kwa moto na nyundo. Maandishi ya Kisanskriti yanayomsifu mfalme Chandra bado yana kingo kali. Wanahistoria wengi humtambua kuwa Chandragupta wa Pili. Kimo cha kifua kuna sehemu iliyolainika, kwa kuwa zamani watu waliegemeza mgongo na kuikumbatia kwa mikono ya nyuma wakitafuta bahati. Tangu 1997 imezungushiwa uzio.

Mjomba aliinama kwenye uzio, akaikazia macho. "Ina kutu hii," akasema.

Alisema kweli, na hapo ndipo penye ajabu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hupoteza elektroni, na chumvi ya bahari hurahisisha umeme huo mdogo kupita. Kinachotokea ni kutu iliyolegea yenye vinyweleo. Hubanduka, na chuma kilicho chini yake huliwa tena. Ndiyo maana mjomba na wenzake walifunga vipande vya zinki kwenye matumbo ya vyombo: zinki hutangulia kuliwa, chuma kikapona. Mafundi wa nguzo hii hawakufunga chochote. Waliyeyusha madini kwa makaa bila kutia chokaa, na fosforasi nyingi ikabaki ndani ya chuma. Profesa R. Balasubramaniam wa taasisi ya teknolojia ya Kanpur, aliyeichunguza nguzo hiyo kwa miaka mingi, alieleza kwamba kutu ilipoanza, fosforasi ilisaidia kujenga utando mwembamba kuliko sehemu ya kumi ya milimita. Umeshikamana na chuma kama ukoko wa wali ulioshika sufuria, na unyevu haupati njia. Viwanda vya leo huiondoa fosforasi hiyohiyo, kwa sababu hukifanya chuma cha pua kivunjike kirahisi.

Nilimweleza mjomba nikiwa nimejaa furaha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Na huko chini ardhini?"

Sehemu iliyofukiwa ilikutwa na kutu nene. Udongo hukaa na maji muda mrefu, wakati juu hewa ya Delhi ni kavu kwa miezi mingi ya mwaka, na mvua ikikatika nguzo hukauka upesi.

"Basi ingesimamishwa kwetu Ras Kazone, penye chumvi," akasema mjomba, "mimi ningeipaka rangi kila kaskazi." Akaniomba nimpige picha kando ya uzio, nyundo ya kuwaziwa mkononi, awatumie wazee wenzake wa bandarini.