Kamongo Aliyetuvusha Kiangazi

Mimi ni mkulima wa pamba na mtama hapa Bariadi, mke na mama wa watoto. Ninashuhudia kwamba nyumba yangu siku hizi inavuka miezi ya njaa bila kukopa debe la mtama kwa mtu, na aliyetufungua macho ni samaki aliyelala hadi tukamkatia tamaa.

Anayeijua Simiyu anajua mwaka wetu unavyokwenda. Mwezi wa tano au wa sita msimu wa pamba unafunguliwa, mizani inatundikwa kwenye chama cha ushirika, AMCOS, fedha zinaingia mkononi. Ndiyo miezi ya harusi, ya ngoma na ya pikipiki mpya. Wakati huohuo mvua zimekatika, na mto Simiyu, ambao mkoa wetu ulichukua jina lake ulipoanzishwa mwaka 2012, unageuka mchanga ambao watu huuchimba kutafuta maji. Kuanzia Desemba hadi Februari, palizi inapodai nguvu zote za mwili, ndipo chakula kinapokwisha majumbani. Mwenye njaa huenda kulima kibarua kwa mwenye akiba, na huku nyuma shamba lake linamezwa na magugu. Pamba yake inakuwa haba, na mwaka unaofuata njaa inamkuta palepale. Ndivyo tulivyoishi, na wengi wanaishi hivyo hadi leo.

Samaki niliyemtaja, kamongo, aliletwa na mume wangu kutoka Lamadi, kule Ziwa Victoria. Alikuwa mdogo, ndani ya ndoo yenye maji ya kulowanisha tumbo tu. Samaki mwingine angekufa njiani, lakini kamongo ana mapafu: kila baada ya muda huinua mdomo juu ya maji avute hewa, na ukimzuia asifike juu atakufa maji kama binadamu. Alikuja awe kitoweo. Watoto wakamng'ang'ania, basi tukamtia kwenye shimo la kufyatulia tofali nyuma ya nyumba, lililokuwa limejaa maji ya masika. Wakamlisha konokono na mabaki ya dagaa, akazoea hata akawa anasogea ukingoni wakigonga ndoo. Nilikataza tu wasimlishe kwa vidole, kwa kuwa meno yanayovunja gamba la konokono hayabagui.

Kiangazi kilipokaza, maji ya shimo yakashuka hadi yakabaki tope. Siku moja hatukumwona. Kulikuwa na kitundu kwenye tope, basi. Mzee jirani, ambaye sote tunamwita guku, yaani babu, akaja akachungulia, akasema, "Mayu, msimchimbe. Amelala huyo. Mvua itamwamsha."

Tukangoja mvua za vuli. Oktoba ikapita kavu. Novemba yakadondoka manyunyu yaliyokauka kabla hayajagusa chini. Desemba udongo wa shimo ulikuwa mgumu kama sakafu, na mume wangu akaniambia, "Mama watoto, huyu alishaondoka siku nyingi. Tufukie shimo." Watoto wakalia. Nikaomba tusubiri, nikaenda kumuuliza mwalimu wa baiolojia wa sekondari.

Maelezo yake ndiyo yaliyonigeuza. Kamongo hachimbi kwa mapezi, huchimba kwa mdomo. Akifika chini hujikunja, mkia ukafunika macho. Ute wa ngozi yake hukauka ukawa ganda jembamba linalomzunguka mwili mzima, likaacha uwazi mdomoni tu wa kupitisha pumzi. Moyo hupunguza mapigo. Hali, hanywi; hujilisha nyama ya mwili wake mwenyewe kidogo kidogo. Taka za mwili ambazo akiwa majini huzitoa kama amonia, sumu ambayo ingemuua humo ndani, huzigeuza kuwa yurea na kuzitunza hadi maji yarudi. Mwalimu alinitajia Mmarekani Homer Smith, aliyewachunguza kamongo wa ziwa letu hili na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokiita kwa jina lao, *Kamongo*. Alisema wapo waliokaa usingizini zaidi ya mwaka mzima na bado wakaamka.

Kisha akaongeza jambo ambalo nilirudi nalo nyumbani. Kamongo halali kwa kupenda. Maji yakiwepo, hukesha mwaka mzima. Ila hangoji maji yaishe kabisa. Hushiba wakati wa maji, na huingia ardhini tope likiwa bado laini. Likishakauka, hata awe na nguvu kiasi gani, hana pa kuingia.

Januari mvua kubwa ikanyesha usiku kucha, shimo likajaa. Kesho yake mdomo ukatokeza juu ya maji. Alikuwa amekonda, kichwa kikubwa kuliko mwili, lakini mzima. Watoto walipiga kelele hadi majirani wakaja. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza kihenge chetu cha mtama.

Msimu uliofuata tulikaa na mume wangu kabla mizani haijafunguliwa. Tukasuka kihenge kipya na kukikandika. Mtama wa kula tukautenga, hauuzwi hata bei ikitutamanisha. Viazi vitamu tukavikata michembe, vingine tukavichemsha na kuvianika vikawa matobolwa, jua likiwa bado kali. Fedha ya pamba ikagawiwa siku ileile ilipoingia: ya shule, ya mbegu, ya dawa ya wadudu. Sherehe moja ya ukoo tuliichangia kidogo, tukasemwa, tukanyamaza. Kuanzia Agosti tukapunguza kipimo cha unga, wakati kihenge kikiwa bado kimejaa.

Februari ile hatukwenda kulima kibarua. Palizi yetu tuliifanya kwa wakati wake, na pamba ikaonyesha tofauti kwenye mizani. Sisemi ukame umetuogopa. Mwaka mbaya bado unatuumiza, ila unatukuta na chakula cha miezi kadhaa. Kamongo naye bado yupo, na kila kiangazi shimo likikauka anashuka, hakuna tena anayemshikia jembe.

Ndugu yangu mkulima wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, neno langu ni hili: tope lako ni laini siku ile unapohesabu fedha za pamba. Jaza kihenge kwanza, ndipo uitikie ngoma.