Vidole Viwili vya Maji

Sisi wa Kariakoo tunaujua Msimbazi kwa namna mbili: mtaa wenye foleni na mto wenye harufu. Kwamba mto huo una mwanzo, na kwamba unaanzia kwenye vilima vya Pugu, wengi tulifundishwa shuleni tukasahau.

Mwezi wa nne, bumu lilipoingia, tulijichanga watu wanane kwenda kulala kando ya Bwawa la Minaki, ndani ya msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe. Ni kama kilomita 30 tu kutoka sokoni. Mahema tuliazima, turubai tukanunua Mtaa wa Kongo baada ya kuvutana bei nusu saa nzima. Daladala ya Gongo la Mboto, tukaunganisha, tukalipa kiingilio cha TFS, kilichobaki ni miguu.

Jamani, kimya cha kule! Mtu aliyekulia Narung'ombe, akiamshwa na mikokoteni na baadaye spika za wauza nguo, anaweza kudhani masikio yameziba. Maji yametulia, miti imejiangalia ndani yake. Jioni popo wakaanza kutoka kwenye mapango yaliyochimbwa kaolini, wengi mpaka tukaacha kupiga picha.

Mhifadhi aliyetuongoza alituonyesha udongo wa chini ya miti. Ni laini, majani yaliyooza tabaka juu ya tabaka. Mvua ikinyesha, alisema, udongo huu unakunywa kwanza, halafu unaachia polepole. Miti ikikatwa kwa ajili ya mkaa, maji yanashuka mbio na udongo wenyewe. Hapo tukatazamana. Mkaa ndio unaopika majumbani kwetu, na gunia halina cheti cha kuzaliwa.

Usiku mvua ikashuka. Saba tulijifunika tukalala. Wa nane, rafiki yetu aliyezaliwa Jangwani, hakulala. Nilipoamka saa tisa nilimkuta amekaa mlangoni mwa hema na tochi ya simu, anamulika kijiti alichokichomeka ukingoni mwa bwawa.

"Unafanya nini, kaka?"

"Naangalia."

Desemba 2011 alikuwa darasa la tatu. Maji yaliingia kwao alfajiri, wakapanda juu ya bati na mdogo wake. Baadhi ya majirani zao walihamishiwa Mabwepande. Wao walikaa kwa shangazi, kisha wakapanga Kigogo, bondeni tena, maana kodi ya bondeni ndiyo wanayoiweza. Hayo yote alinisimulia palepale, jicho halitoki kwenye kijiti. Miaka miwili tumekaa chumba kimoja hosteli na sikuwahi kuyasikia. Nikavuta khanga niliyojifunika, nikakaa naye.

Kulipokucha tulipima pamoja: bwawa lilikuwa limepanda vidole viwili. Wenzetu walikuwa wanachemsha chai, wanacheka. Yeye alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini njia ya mto: Ukonga, Vingunguti, Kigogo, Jangwani, hadi daraja la Selander. Huko kote ni bati, zege na lami, hakuna majani ya kunywa kwanza.

Mtandao ulisumbua hadi tulipofika barabarani. Simu yake ya kwanza ilikuwa kwa mama yake.

"Shikamoo mama. Huko imenyesha?"

Manyunyu tu, mama alijibu, kwani vipi?

"Pandisha magodoro juu ya kabati, mama. Na daftari za mdogo wangu."