Mibuni ya Kyebando

Mpwa wangu ana shahada, na kahawa yake huinywa Kololo, ya povu. Majuzi aliniuliza kama robusta ililetwa Uganda na Wazungu kutoka Brazili. Nilimtazama tu.

Robusta ni ya hapa. Ni mti mdogo wa kivulini, unaokaa chini ya miti mikubwa, na katika msitu wa Kibale bado unajiotea bila kupandwa na mtu. Kyebando ya utoto wangu, pale Kampala, ilikuwa na mibuni nyuma ya nyumba nyingi, katikati ya migomba na mituba. Wazee waliipambanua: yenye matawi ya kuinama mpaka chini ni nganda, iliyosimama wima ni erekta. Mvua ya kwanza ikishanyesha baada ya kiangazi, siku chache baadaye mtaa mzima ulichanua kwa pamoja, mweupe pe, ukanukia kama asumini. Siku mbili tatu, maua yamekwisha kuwa kahawia.

Kuchanua pamoja si pambo. Robusta haijichavushi, mbuni mmoja ukiwa pekee hauzai. Arabika, iliyotokana na robusta kuchanganyika na jamaa yake wa porini, hujichavusha yenyewe. Na huyo mtoto ndiye mwenye bei, mzazi anaitwa kahawa duni!

Karibu na njia panda alikaa bibi tuliyemwita Jajja, na kikapu cha kahawa ya kutafuna. Buni alizichuma kabla hazijaiva, akazichemsha na majani ya kunukia, akazianika, akazifunga katika vipande vya ganda la mgomba. Mkono ulioshika kifungo kile ulinukia moshi na nyasi mpaka jioni. Mgeni hakuulizwa habari kabla hajapewa punje. Hiyo ni desturi iliyokuwapo kabla Mzungu Speke hajafika Buganda mwaka 1862. Waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana tunda moja, kila mtu buni yake, akaipaka damu yake na kumpa mwenzake ameze.

Jajja aliacha kuuza mwaka 1977. Dada yangu anasema 1979, naye hupima miaka kwa mimba zake, tumwachie.

Yaliyofuata ni ya haraka. Magendo ya kahawa ya miaka hiyo mnayajua. Mwaka 1993 mnyauko ulionekana Bundibugyo: majani yanakauka, ukibandua gome unakuta weusi wa buluu. Ndani ya miaka kama kumi ulikuwa umeua takriban asilimia 44 ya robusta ya nchi. Kyebando haukukuta kitu cha maana. Viwanja vilikwishauzwa na nyua kusakafiwa, nasi tukaita hayo maendeleo.

Watafiti wa Kituza, Mukono, wametoa miche inayostahimili mnyauko, KR1 na wenzake. Mwenye ua ambao haujasakafiwa na apande. Ila changanya namba: ukipanda KR ya namba moja tu, utapata maua, matunda usahau.