Sahihi ya Mgonjwa

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, wagonjwa wengi huona haya kumwuliza daktari, hasa wanapoelezwa kwa lugha wasiyoimudu. Upasuaji wa sainasi ni mfano mwafaka.

Nunguni, katika vilima vya Kilungu, Kaunti ya Makueni, ni mahali pa baridi, na mafua huko hayamshtui mtu. Mama mmoja mkulima aliyapuuza yake hadi pua ikaziba kwa miezi, uso ukamuuma na harufu ya chakula ikampotea. Dawa ziliposhindwa, alishauriwa kupasuliwa, akapewa fomu ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwanawe, mwanafunzi wa Kiswahili chuoni, aliombwa aifasiri. Alizijua mofimu na viambishi, ila neno la kumweleza mamaye sainasi hakuwa nalo. Ikabidi amwombe daktari afafanue.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya kichwa: kwenye paji, mashavuni, kati ya macho na nyuma ya pua. Kila chumba hutoa kamasi kupitia kijia chembamba. Kijia kikivimba, kamasi hutuama. Hali hiyo ikidumu wiki 12 au zaidi, na dawa zisifae, upasuaji huweza kufikiriwa. Mgonjwa hupigwa picha ya skani kwanza. Siku ya upasuaji hupewa nusukaputi, kisha daktari hupitisha puani kifaa chembamba chenye taa na kamera, akavipanua vijia. Kwa kawaida uso haukatwi.

"Kumbe ni kama mtaro wa matuta yetu," mama akasema. "Shamba haling'olewi, mtaro ndio unaozibuliwa. Lakini mwanangu, mtaro hauzibuliwi mara moja ukasahauliwa."

Alikuwa amelenga shabaha. Upasuaji hauondoi mzio, wala hauzuii moshi wa kuni. Kuosha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa, na kutumia dawa ya kupuliza huendelea baadaye.

Mgonjwa hana budi kumwambia daktari mapema kuhusu pumu, mzio na kila dawa anayotumia, aspirini na mitishamba ikiwemo, kwani baadhi huzidisha kutoka damu. Baada ya upasuaji, asipenge kamasi wala kuinua mizigo hadi daktari atakapomruhusu. Jembe na mtungi vitangoja. Alale kichwa kikiwa kimeinuliwa. Madhara makubwa ni nadra, lakini yapo: kudhurika kwa jicho au kuvuja kwa majimaji yanayozunguka ubongo. Kwa hiyo damu isiyokoma, maji meupe yanayochuruzika puani, macho kuona vibaya au kuvimba, homa, au kichwa kuuma sana pamoja na shingo kukakamaa ni sababu za kurudi hospitalini bila kukawia.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake. Na inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Katiba ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu na wafasiri: kuziandika fomu hizo kwa Kiswahili chepesi. Mama wa Nunguni alitia sahihi baada ya kuelewa. Sahihi isiyotanguliwa na ufahamu ni wino tu juu ya karatasi.